Karatasi ya India, sufuria ya Bukavu

Kwenye namba iliyopita ya gazeti hili nilijiachia nikasimulia kidogo vile nilikatwa tumbo ili nipungue, mimi infirmieri ambaye kazi yangu ni kuchoma wengine sindano, basi tangu siku ile simu haijalala. Sikujua tuko wengi hivi hapa Bukavu. Kuna waliovuka kwa Kamembe wakaenda Kigali wakaruka mpaka India, kuna wa Nairobi, kuna mmoja wa Uturuki, na karibu wote wananiita yaya, dada mkubwa, na wanauliza kitu kimoja: nimerudi nyumbani, tumbo bado bichi, jikoni kuna bugali na sombe ya majani ya muhogo, sasa nafanya nini? Nimechagua barua chache. Majina nimetoa, juu Bukavu ni mji mdogo, ukisema tu yule mama mnene wa Labotte kila mtu ameshamjua.

Kwa ambao hawafahamu, hizi operasyo ziko mbili zinazofanywa sana. Slivu, wanakata mfuko wa tumbo na kutoa karibu 75 mpaka 80 kwa mia, linabaki bomba jembamba kama ndizi. Na baipasi, wanatengeneza kifuko kidogo cha mililita 30 hivi, halafu wanakiunga na utumbo wa mbele zaidi, chakula kinaruka sehemu ya njia. Haya tuingie.

*

Yaya, jambo. Mimi mama wa watoto watatu, niko Nguba, miaka 41. Nilifanya slivu India, leo siku ya 12, hapa nyumbani niko na siku tatu tu. Walinipa karatasi ya chakula nimeisoma mpaka imechakaa: maji ya dali, chasi, paniri ya kusagwa. Hivyo vitu mimi nitavitoa wapi? Mama mkwe amekuja kunichunga, ni mama mzuri simlaumu, lakini kila saa sita ananiwekea bugali na samaki mbele, nikikataa analia, anasema wamenikata na roho. Jana nilikubali kipande kimoja cha nyama kwenye supu yake, kidogo kama ukucha, ikanikaa hapa kifuani kama jiwe mpaka nikatapika mate. Mzee wangu anasema nikule tu kidogo kidogo ya kila kitu. Maji nayo siyapendi, baridi ya mvua hii nani atakunywa maji. Nisaidie.
Mama wa Nguba

Mama wa Nguba, pole, na karibu kwetu. Tuanze na neno la mzee wako. Kidogo kidogo ya kila kitu ni neno la wiki ya nane, siyo la siku ya 12. Ndani yako kuna mshono mrefu, umeshuka na hilo bomba kutoka juu mpaka chini, wamefunga kwa agrafu ndogo za chuma, na kidonda hicho hakijashikana vizuri bado. Wiki hizi kazi ya tumbo ni kupona. Kupungua kutakuja kwenyewe hata ukikataa. Watu wanafikiri wanakunywa vya maji maji ili kilo zikimbie, hapana, wanakunywa hivyo juu kidonda hakitaki kusukumwa, basi. Hiyo nyama ya jana ikikusumbua tena usiilazimishe na maji ishuke, utazidi kuumia, simama, tembea nyumbani polepole, ngoja. Na mwambie dokta wako kwamba ilitokea.

Sasa karatasi. Hata mimi walinipa ndugu yake, na nilikaa wiki nzima naiangalia kama barua ya mahakama kabla sijaelewa kwamba inaongea mambo ya kwetu kwa majina ya wengine. Chasi ni maziwa ya mgando yaliyopigwa na maji, yaani mashanza! Tena sisi tunayo mazuri. Chukua mashanza, yapige na mchapo au uma mpaka mabonge yaishe, ongeza maji ya kuchemka yaliyopoa, chuja, usitie sukari. Ila uliza maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa, juu wewe sasa siyo wa kucheza na maziwa mabichi ya bidoni ya barabarani. Paniri ni jibini laini lisilo na chumvi nyingi, utalifikia wiki ya tatu na ya nne, jibini ya Masisi iko na mafuta na chumvi kuliko hiyo lakini ukiikwaruza laini kijiko kimoja kidogo ndani ya supu ya moto inayeyuka vizuri, mimi nilipona kwayo. Dali ni dengu, kwenye maduka ya Wahindi pale Nyawera zipo, lakini usihangaike, gesi yake kwa siku ya 12 ni shida ya bure.

Samaki wa mama mkwe usimkatae, mbadilishe. Sambaza, samaki wadogo hawa ambao babu zetu hawakuwajua, juu waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959 wakatiwa Ziwa Kivu, leo ndio nyama ya kila nyumba, hao njo rafiki zako. Mwombe mama atoe vichwa na matumbo, achemshe na kitunguu na nyanya bila mafuta bila pilipili, kama dakika ishirini, halafu achuje na kitambaa mara mbili juu ya vile vimiba. Wewe sasa unakunywa ile supu ya juu tu. Usijidanganye ukasema umekula samaki, supu ya kuchuja ina ladha na chumvi, protini imebaki kwenye kitambaa. Lakini inakupa joto na inamtuliza mama, amekupikia na wewe umekunywa, machozi yanapungua. Kuanzia wiki ya tatu, dokta akikubali, zile nyama zilizobaki zinapigwa kwenye mikseri na supu yake mpaka ziwe kama uji wa mtoto. Umeme ukikatika, kinu cha nyumbani kinafanya kazi, ila ponda mpaka uchoke halafu ponda tena.

Protini ndiyo hesabu yako, wanataka gramu 60 mpaka 80 kwa siku. Nusu lita ya maziwa yasiyo na mafuta ni gramu 16 au 17. Ukivuruga ndani yake vijiko vinne vikubwa vya maziwa ya unga umeongeza kama kumi. Uji wa sosoma (unga wa mtama, soya na mahindi) mwepesi, wa kuchujwa, uliopikwa na maziwa badala ya maji, unasaidia, na unga wa soya peke yake uko na protini zaidi ya theluthi ya uzito wake, bei yake unaijua, haifiki hata robo ya makopo yale ya poda wanauza mjini yenye picha ya kijana mwenye misuli. Yai moja ni gramu 6, lakini yai ni la wiki ya tatu. Wiki mbili za kwanza wengi hawafikii 60, mimi nilikuwa kwa 40 nikalia, usilie, panda kidogo kila siku.

Kuhusu maji ninakuwa mkali. Kati ya waliorudishwa hospitali mwezi wa kwanza, kukauka ni moja ya sababu kubwa. Lengo ni lita moja na nusu, na huwezi kuipiga mara moja kama zamani, glasi nzima haiingii. Chukua chupa, iweke mahali unaiona, funda moja kila dakika tano mpaka usiku. Baridi ikikuzuia chemsha, maji ya uvuguvugu na kipande cha tangawizi yanapita vizuri kuliko ya baridi. Angalia mkojo, ukiwa rangi ya chai umechelewa. Na ukianza chakula kizito, maji yanakaa pembeni: unaacha kunywa nusu saa kabla, unarudi nusu saa baada. Mama mkwe ataona vibaya, kwetu mgeni anakula na glasi iko pembeni, mwelezee tu kwamba bomba ni moja, vikiingia vyote viwili vinagombana mlangoni.

Kama uko kwenye dawa za tansyo (presha) au za sukari usiendelee na dozi za zamani kwa mazoea. Sukari inashuka haraka sana baada ya hii operasyo, wakati mwingine siku chache tu, na zile dawa za tansyo za kukojolesha zinakukausha zaidi. Nenda upimwe wiki hii.

Nikumalizie na yai, utacheka. Siku yangu ya 23 nilichemsha yai laini, nikaponda nusu yake na kijiko cha mashanza, nikaketi mezani na saa ya mkononi mbele yangu. Kijiko kidogo cha chai, nikatafuna kitu ambacho hakina hata cha kutafunwa, nikahesabu mpaka ishirini, nikameza, nikangoja. Cha nne kilikuwa kitamu ajabu, cha tano pua ikaanza kutoa maji na nikapiga chafya. Hiyo chafya ndiyo kengele yangu mpaka leo. Wengine ni kwikwi, wengine ni kikohozi, wengine wanahisi kidole kinabonyeza katikati ya kifua. Tafuta yako, na ikilia, weka kijiko chini hata kama kimebaki kimoja. Mimi siku ile nilisema kimoja tu, nikatapika mate ya povu dakika arobaini.

*

Yaya, siku ya 8 baada ya slivu. Dokta aliniapia njaa itaisha, mbona tumbo linanguruma kama pikipiki inayopanda Bagira? Wamenipiga bongo?
Msichana wa Kadutu

Hawajakupiga bongo, mdogo wangu. Homoni ya njaa inaitwa grelini, Wajapani waliigundua mwaka 1999, na sehemu kubwa inatengenezwa kule juu ya tumbo, sehemu ile ile waliyokutoa. Inayonguruma ni hewa na maji kupita kwenye bomba jembamba, na nyingine ni asidi, ambayo inafanana na njaa kabisa, inachoma na kuvuta. Njo maana wamekupa omeprazoli, unaikunywa? Wengi wanaiacha siku wanajisikia vizuri.

Kuna njaa ya tatu, ya macho na pua, hiyo hakuna dokta wa kuikata. Asubuhi saa kumi na mbili jirani anakaanga mikate, harufu inaingia dirishani, na wewe unaapa una njaa. Jiulize kama ungekubali supu ya samaki bila chumvi. Kama jibu ni hapana nataka mikate, basi tumbo halijasema kitu, kunywa maji yako ukafunge dirisha.

*

Yaya, mimi papa wa Panzi, baipasi, Nairobi, wiki ya tano. Jumamosi tulikuwa kwenye arusi ya binti wa kaka yangu, nikakula kipande cha keki na nusu ya chupa ya sukre, yaani soda, ili nisiaibishe watu. Dakika kama kumi na tano hivi, jasho, moyo unakimbia, tumbo linakata, kichefuchefu, nikalala chini nyuma ya hema na suti yangu. Shangazi zangu hapo hapo wakasema ni karuho, ile sumu ya siri, kuna mtu ameniwekea. Walitaka kunipeleka kwa mzee mmoja anayetapisha watu kwa majani, sikuenda tu juu sikuweza kusimama. Baada ya saa moja ikaisha. Mpaka leo hawasalimiani na mama aliyegawa keki. Ilikuwa nini?
Papa wa Panzi

Papa, ilikuwa keki.

Kwa mtu wa baipasi sukari haipumziki tumboni, inaanguka utumboni ikiwa nzito hivyo hivyo, na utumbo ili uizimue unavuta maji kutoka kwenye damu kwa nguvu. Damu inapungukiwa maji, moyo unakimbia, jasho, kichwa kinazunguka, tumbo linakata, kawaida ndani ya dakika 10 mpaka 30. Kuna ya pili inayokuja kuchelewa, saa moja mpaka tatu baada ya kula, mwili umetoa insulini nyingi kupita kiasi na sukari inaanguka, unatetemeka na kuchanganyikiwa. Watu wa slivu pia inawapata, ila mara chache. Na keki kwenyewe wiki ya tano ni mapema, na gesi ya sukre pia ni mapema, lakini hayo umeshalipa.

Ule mzee wa majani umshukuru Mungu miguu ilikataa. Kumtapisha kwa nguvu mtu mwenye mishono ya wiki tano ni jambo la hatari, naandika hili kwa herufi za kawaida lakini nimelifikiria kwa herufi kubwa. Mimi naishi hapa, najua karuho ni nini kwenye vichwa vyetu, mtu akianguka kwenye karamu akili ya kwanza ndiyo hiyo. Waeleze shangazi mapema, kabla ya karamu nyingine, sukari inakufanya hivi, ili siku nyingine wakulaze miguu juu badala ya kukukimbiza. Na tafadhali nendeni kwa yule mama wa keki.

Sukari iliyojificha ndiyo itakayokukamata baadaye: chai ya vijiko vitatu, uji uliotiwa sukari na msichana wa kazi aliyekuhurumia, asali, mutobe ya ndizi. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na bia usiniulize kwa sasa, baada ya baipasi pombe inapanda kichwani haraka sana na inachelewa kushuka, kikombe kimoja kitakutembeza vibaya kwenye mteremko wa Essence.

*

Baipasi wiki ya tatu. Mgongo unaniuma tangu kile kitanda, kijana wa farmasi amenipa diklofenaki, anasema ni dawa nzuri kabisa. Nichukue?
Wa Muhumba

Hapana. Rudisha. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini ya maumivu, ndugu hao wote wanachimba kidonda pale mahali tumbo limeungwa na utumbo, na kwa baipasi marufuku hii ni ya maisha, siyo ya mwezi. Chukua parasetamoli kwa kipimo chake. Kama unatumia aspirini ya moyo kwa amri ya dokta, hiyo ongea naye, usiiache mwenyewe. Kata kipande cha karatasi, andika nimefanya baipasi sipewi diklofenaki, ukiweke pamoja na kadi yako ya uchaguzi, juu siku ukianguka kwenye pikipiki kitu cha kwanza watakachokuchoma kwenye dispansari ya karibu ni hiyo hiyo.

Na ukiwa bado kwenye farmasi, nunua vitamini zako. Mchanganyiko wa kila siku, B12, madini ya chuma, kalisi pamoja na vitamini D. Chuma na kalisi usimeze pamoja, acha saa mbili katikati, na chuma usikimeze na chai. Hizi nazo ni za maisha.

*

Yaya, jambo sana. Mimi ndiye bwana. Bibi yangu alifanya slivu, wiki ya sita, ametoka kilo 14, namshukuru Mungu. Shida ni tatu. Majirani wanasema ana sida, yaani ukimwi. Yeye hataki tuseme alikatwa, anaona aibu, anasema watasema alikosa nidhamu ya mdomo. Halafu maji yakikatika anabeba bidoni kutoka chini kama zamani, nikimkataza anasema yeye si mgonjwa. Na wiki ya tatu mizani ilisimama siku kumi, hakulala, anapima asubuhi na usiku. Nimshike vipi?
Bwana wa Bagira

Shemeji, kwanza bidoni. Lita 20 ni kilo 20. Walimwambia asiinue zaidi ya kilo tano hivi kwa wiki nne mpaka sita, na yeye ndio kwanza anafika kwenye wiki ya sita, halafu ni Bagira siyo kiwanja cha mpira. Nje wamepona matundu matano madogo, ngozi imefungika vizuri unaona kama kovu la chanjo, lakini chini yake nyama haijashikana, ikiachia hapo utumbo unachungulia na operasyo nyingine iko mbele yenu. Usimkataze, beba wewe. Au mlipe kijana. Kutembea atembee, kila siku, polepole, hiyo inamsaidia damu isigande miguuni, ila mikono mitupu.

Mizani kusimama wiki ya tatu ni karibu kila mtu, sisi wenyewe tunaiita tu wiki ya tatu. Siku za kwanza mwili unakula akiba yake ya sukari iliyohifadhiwa na maji, kila gramu moja ya akiba hiyo imeshikilia kama gramu tatu za maji, kwa hiyo kilo zinaanguka kwa kelele. Halafu mwili unashtuka unarudisha maji kidogo wakati mafuta yanaendelea kuondoka, mizani inasimama, nguo zinaendelea kupwaya. Ficha mizani. Mimi mama yangu aliificha ndani ya gunia la maharagi, nikaja kuigundua Pasaka.

Kwenye mwezi wa tatu mpaka wa sita nywele zinaweza kuanguka, jiandae, atakuja kulia na kitana mkononi. Zinarudi, kama protini na chuma viko sawa. Na mimba asubiri mwaka mmoja mpaka mmoja na nusu, msiseme yaya hakuwaambia, juu mwili ukipungua yai linaamka hata kwa aliyekaa miaka bila kushika.

Ya majirani nimeichelewesha juu sina jibu zuri. Ukikonda Bukavu una sida au umelogwa au bwana anakutesa, mnene ndiye anayetunzwa. Mimi nilisema ukweli kwa watu watano tu: mama, dada zangu wawili, mkubwa wangu wa kazi, na jirani mwenye ulimi mrefu kuliko wote, huyo wa mwisho nilimwambia makusudi, kwa siri, nikamwomba asimwambie mtu. Kufika Jumapili parokia nzima walijua na sikuulizwa tena. Lakini huo ni mwili wa bibi yako, siri ni yake, wewe ukiulizwa sema anaendelea vizuri asante. Ila daktari yeyote atakayemgusa lazima ajue.

*

Hii iliingia kwenye simu yangu Jumapili saa tatu usiku, sikuiacha ingoje gazeti, naiweka hapa kwa ruhusa ya aliyeandika.

Mama, samahani kwa usiku. Dada yangu alifanya slivu, leo siku ya 9. Tangu jana ana homa, tunasema ni malaria, tumempa dawa. Tumbo linauma na bega la kushoto linamuuma sana, hatujui alilalia vibaya. Anapumua haraka. Tumuwekee serumu, maji ya mshipa, hapa nyumbani?

Nilimpigia, nikamwambia ashike mkono wa dada yake ahesabu mapigo dakika nzima mimi nikiwa kwenye simu. Alihesabu kwa sauti, akafika 126, na dada alikuwa amelala tu. Nikamwambia mvike koti mtoke sasa hivi, siyo kesho, na mnapofika mlangoni neno la kwanza siyo malaria, neno la kwanza ni operasyo ya tumbo siku tisa. Walimpiga skana, mshono ulikuwa unavuja. Waliingia kumsafisha usiku ule ule.

Kwa hiyo mnisikilize wote mliokatwa, na hasa mnaolala chumba kimoja nao. Wiki za mwanzo, moyo unaopita 120 mtu akiwa amepumzika, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, bega la kushoto bila sababu, pumzi fupi, mojawapo tu ya hizo, mnatoka. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, mnatoka, inaweza kuwa damu iliyoganda, na wewe uliyeketi kwenye ndege masaa mengi hiyo inakuhusu. Malaria ipimwe ndiyo, mtu anaweza kuwa na yote mawili, lakini ipimwe hospitali.

Na hiyo serumu ya nyumbani. Mtu aliyetapika siku mbili tatu mfululizo vitamini B1 inaweza kuwa inamwishia, mwili hauna akiba yake kubwa. Ukimtundikia glukozi peke yake, ile B1 kidogo iliyobaki inatumika yote, na inayoumia ni akili: macho yanacheza, anayumba, anachanganyikiwa, na wengine hawarudi sawa. B1 inaanza au inaenda pamoja na glukozi. Muulize infirmieri anayetundika, ukiona hajui unaongelea nini, badilisha dispansari.

Dada bado yuko kitandani, wanamlisha kwa mrija. Jana kaka yake aliniandikia kwamba ameulizia sabuni yake na mafuta ya nywele.

*

Yaya, swali fupi. Bugali ni lini?
Mwenye njaa, Nyawera

Nilijua itakuja. Ukifika wiki ya nane, dokta akisema sawa, na baada ya samaki, siyo kabla, juu nafasi ni ndogo na samaki ndiye mwenye nyumba. Bugali ni moja ya vitu vigumu kwetu, pamoja na mkate mlaini na wali uliokauka, vinashikana vinakuwa bonge vinaziba njia. Kitonge kiwe kama ncha ya kidole gumba, laini, kilolowe kwenye sombe, utafune mpaka kisahau kilikuwa bugali. Vyangu vya kwanza vilikuwa viwili, kwa shangazi yangu kule Bagira, watu kumi wamenizunguka wanaangalia mdomo wangu kama televisheni. Cha tatu nilikimega, pua ikaanza kutoa maji, nikakipitisha chini ya meza kwa mtoto wa dada yangu, akakimeza bila kutafuna.